Nyumba Juu ya Maporomoko na Ugomvi wa Nondo

Katika vilima vya kusini-magharibi mwa jimbo la Pennsylvania, nchini Marekani, imesimama nyumba ambayo kijito hupita chini yake. Roshani zake za zege zimejitokeza juu ya maporomoko pasipo nguzo hata moja ya kuzitegemeza upande wa mbele, na mtu aliyeketi sebuleni husikia maji yakivuma chini ya miguu yake usiku na mchana. Nyumba hiyo huitwa Fallingwater, yaani Maji Yaangukayo. Aliyeibuni ni Frank Lloyd Wright, mmoja wa wasanifu majengo mashuhuri sana wa karne ya 20, na mamilioni ya watu wamekwisha kuizuru tangu ilipofunguliwa kwa watu wote mwaka 1964.

Wageni wengi wanapokata tikiti zao hawajui kwamba nyumba hiyo nusura iporomoke. Haikutikiswa na tetemeko wala haikupigwa na mizinga. Ilianza kuinama siku ile ile mbao za ujenzi zilipoondolewa, ikaendelea kuinama kidogo kidogo kwa muda wa miaka 60, huku dunia nzima ikiisifu. Kisa cha kuinama kwake na kuokolewa kwake ndicho fundisho kubwa la ziara hii, nacho kinamhusu kila mtu mwenye nia ya kujenga, awe askari aliye kazini, au mstaafu anayenunua mfuko mmoja mmoja wa saruji kwa ajili ya nyumba ya kijijini.

Ziara yenyewe huchukua siku nzima. Wageni huondoka asubuhi katika mji wa Pittsburgh, wakasafiri kwa barabara kiasi cha kilomita 110 kuelekea kusini-mashariki, hata wakaingia katika milima yenye misitu minene. Huko, katika eneo lisilo kubwa, zinapatikana nyumba ambazo Wright aliwabunia watu wa hali mbalimbali: ya kwanza ni ya tajiri mwenye duka kubwa, ya pili ni ya mfanyabiashara wa aiskrimu, na nyingine ni nyumba za kiasi zilizoletwa hapo kutoka mbali. Kila mahali huwapo mwongozaji anayewapitisha wageni chumba hadi chumba. Makundi huwa madogo, kwa hiyo ni lazima nafasi iombwe mapema.

MZEE ALIYEDHANIWA AMEKWISHA

Frank Lloyd Wright alizaliwa mwaka 1867 katika jimbo la Wisconsin. Alipata sifa akiwa kijana, lakini kufikia mwanzo wa miaka ya 1930 kazi zilikuwa zimemwishia. Mdororo mkubwa wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ulikuwa umewafilisi watu wengi wenye fedha za kujenga, na wasanifu vijana walimhesabu Wright kuwa mzee wa zamani aliyepitwa na wakati. Mwaka 1932 alianzisha chuo nyumbani kwake, mahali paitwapo Taliesin. Wanafunzi walilipa ada, wakajifunza kuchora, na pamoja na hayo wakalima, wakapika na kupasua kuni.

Mwaka 1934 alijiunga na chuo hicho kijana mmoja, Edgar Kaufmann mdogo. Baba yake, ambaye naye aliitwa Edgar Kaufmann, alikuwa mwenye duka kubwa sana mjini Pittsburgh. Familia hiyo ilikuwa na shamba la mapumziko kando ya kijito cha Bear Run, mahali ambapo hapo awali wafanyakazi wa duka walikuwa wakipiga kambi wakati wa likizo. Kaufmann na mkewe Liliane walitaka nyumba ya kupumzikia mwisho wa juma, nao walipapenda sana mahali penye maporomoko. Kwa fikira zao, nyumba ingejengwa ng'ambo, chini kidogo ya maporomoko, ili wakae barazani na kuyatazama.

Wanafunzi wa Wright wamesimulia kwamba mnamo Septemba 1935 Kaufmann alipiga simu kuwa yuko njiani kwa gari, anakuja kuona michoro. Michoro haikuwapo. Wright aliketi mezani, na kwa saa chache tu, huku wanafunzi wakimchongea penseli, akaichora nyumba nzima tangu sakafu hadi paa. Kaufmann alipofika alishangaa kuona kwamba nyumba yake haikutazama maporomoko, bali ilikaa juu yake. Wright alimweleza kwamba alitaka familia iishi pamoja na maji hayo, isiyatazame kwa mbali tu kama picha ukutani. Kaufmann akakubali. Wright alikuwa na umri wa miaka 68.

NDANI YA NYUMBA

Mgeni anapoteremka njia ya msituni, kwanza husikia maji kabla ya kuona nyumba. Kisha hutokeza kuta za mawe yaliyochimbwa papo hapo shambani, yamepangwa kwa matabaka kama miamba ya kijito chenyewe. Kati ya kuta hizo zimetokeza roshani za zege zenye rangi ya udongo mwepesi, moja juu ya nyingine. Wright aliruhusu rangi mbili tu: hiyo ya udongo kwa zege, na nyekundu ya kutu kwa chuma.

Mlango ni mdogo na dari la mlangoni ni fupi. Wright alifanya hivyo kwa makusudi: alimbana mgeni kwanza, ili atakapoingia sebuleni aone ukunjufu wa chumba na mwanga wake. Sebule hiyo ndiyo moyo wa nyumba. Sakafu ni ya mawe yaliyong'arishwa kwa nta, na mbele ya meko mwamba wa asili umeachwa uinuke katikati ya chumba jinsi ulivyokuwa kabla ya nyumba kuwapo. Upande mmoja kuna mlango wa kioo sakafuni. Ukifunguliwa, ngazi zinazoning'inia huteremka hadi majini, na ubaridi wa kijito hupanda ndani wakati wa joto. Katika pembe za vyumba kadhaa madirisha mawili hukutana pasipo nguzo, na yanapofunguliwa pembe nzima hutoweka.

Akina mama wanaozuru hapo hupenda kutazama viti. Wright alitaka viti vya namna aliyobuni yeye, lakini Liliane Kaufmann alikataa. Sakafu ya mawe haiko sawasawa, na kiti cha miguu minne hutikisika juu yake. Mama huyo akaleta viti vya miguu mitatu vya kikulima kutoka Italia. Ukweli huu unajulikana kwa kila bibi mwenye kigoda jikoni: miguu mitatu hukaa imara juu ya ardhi yo yote. Msanifu mashuhuri alishindwa na hoja hiyo, na viti hivyo vingali vimo.

Jiko ni dogo kuliko mgeni anavyotazamia, kwa sababu lilikuwa mahali pa watumishi. Kuanzia mwaka 1947, kwa muda wa miaka ipatayo 15, mpishi wa nyumba hiyo alikuwa Elsie Henderson, mwanamke Mmarekani mweusi. Wageni wenye vyeo walikula chakula chake na kuisifu nyumba. Jina la mpishi halikutajwa magazetini. Mwaka 2008 mapishi na kumbukumbu zake zilichapishwa katika kitabu, naye akafariki mwaka 2021 akiwa amepita umri wa miaka 100. Siku hizi hakuna asemaye habari za maisha ya nyumba hiyo bila kumtaja.

UGOMVI WA NONDO

Ili kisa kieleweke, yafaa kwanza kufahamu tabia ya zege. Zege lina nguvu nyingi linapobanwa, lakini ni dhaifu linapovutwa. Ndiyo sababu mafundi hutia nondo ndani yake: zege hubeba mbano, chuma hubeba mvuto. Sasa roshani isiyo na nguzo mbele ni kama mkono ulionyooshwa ukiwa umebeba sinia. Kadiri sinia inavyokuwa nzito, misuli ya juu ya mkono ndiyo inayovutwa. Vivyo hivyo, boriti ya roshani huvutwa upande wake wa juu, na huko ndiko nondo zinakohitajiwa, tena kwa hesabu kamili.

Ujenzi ulianza mwaka 1936. Kaufmann, kama mfanyabiashara mwangalifu, aliwapa wahandisi wa Pittsburgh michoro ya Wright waikague. Wahandisi hao waliona kwamba chuma kilichowekwa ndani ya boriti kuu za sakafu ya kwanza hakikutosha. Pasipo kumwuliza Wright, wakaongeza nondo hata zikawa karibu maradufu ya alizopanga. Habari zilipomfikia Wright alikasirika mno. Alimwandikia Kaufmann kwa maneno makali, akatishia kuiacha kazi, akasema kwamba nondo nyingi huongeza uzito na kwamba mwenye nyumba hana budi kuchagua amwamini nani. Kaufmann, kwa kuogopa kumpoteza, akamwomba radhi. Hata hivyo nondo zilikuwa zimekwisha kumwagiwa zege, wala hakuna aliyeweza kuzitoa.

Mbao zilizoshikilia zege zilipoondolewa, roshani kuu ilishuka karibu sentimita 4 na nusu. Kushuka kidogo ni jambo la kawaida, na mafundi wazoefu huziinua mbao kidogo upande wa mbele kabla ya kumimina zege, ili roshani ikishuka ikae sawa. Hapa tahadhari hiyo haikuchukuliwa. Nyufa zikaonekana katika kingo za roshani.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo waongozaji husimulia huku wageni wakicheka. Kwa shauri la wahandisi, Kaufmann alijenga kimya kimya ukuta wa mawe chini ya roshani ya magharibi ili kuitegemeza. Wright alipougundua, alimwamuru mwanafunzi wake aliyesimamia kazi auondoe kwa siri mstari wa juu wa mawe, ukuta ubaki lakini usiguse kitu. Baada ya muda Kaufmann alikiri alilolifanya. Wright akamchukua hadi chini, akamwonyesha mwanya uliokuwapo: roshani ilikuwa imesimama muda wote huo bila msaada wa ukuta. Kaufmann akashindwa la kusema, na ukuta ukavunjwa.

Siku hiyo Wright alionekana kuwa mshindi. Nyumba kuu ilikamilika mwaka 1937, na nyumba ya wageni mwaka 1939. Gharama zote, pamoja na malipo ya msanifu, zilifikia dola 155,000, fedha nyingi mno kwa wakati huo. Mnamo Januari 1938 gazeti la Time lilitoa picha ya Wright kwenye jalada lake, nyuma yake ukiwapo mchoro wa Fallingwater. Mzee aliyedhaniwa amekwisha akapata kazi nyingi kuliko ujanani mwake.

Lakini roshani haisomi magazeti, nayo iliendelea kushuka.

JINSI ILIVYOOKOLEWA

Kaufmann hakuacha wasiwasi wake. Kuanzia miaka ya 1940 aliwaita wapimaji mara kwa mara, wakapima kila roshani na kuandika vipimo. Alifariki mwaka 1955, na kazi ya kupima ikakoma pamoja naye. Mwaka 1963 mwanawe aliitoa nyumba hiyo na shamba lake kwa shirika la kuhifadhi mazingira la Pennsylvania ya Magharibi, ili iwe mali ya watu wote. Nyufa zilipotokea ziliendelea kuzibwa na kupakwa rangi. Zilipotokea tena, zikazibwa tena. Watu walidhani kwamba nyumba imekwisha kutulia.

Katika miaka ya 1990 wahandisi wa ofisi ya Robert Silman ya New York walifanya uchunguzi mpya. Walitumia vyombo vya kupenya zege na kuonyesha chuma kilichomo pasipo kuvunja. Matokeo yalitisha. Ncha ya roshani kuu ilikuwa imeshuka kufikia sentimita 18, ilhali imejitokeza kiasi cha meta 4 na nusu tu, tena ilikuwa ingali ikishuka. Zaidi ya hayo ilionekana kwamba roshani ya ghorofa ya juu haikujitegemea, bali uzito wake ulipita katika fremu za chuma za madirisha ya sebule, ukaielemea roshani ya chini. Hivyo roshani moja ilibeba mizigo ya mbili.

Hesabu ya wahandisi hao iliumaliza ugomvi wa mwaka 1936. Nondo alizopanga Wright hazikutosha. Kama zingekuwa hizo pekee, roshani isingeweza kujibeba. Zile zilizoongezwa kwa siri, zilizomkasirisha msanifu hata akataka kuiacha kazi, ndizo zilizoihifadhi nyumba. Lakini hata hizo hazikutosha kabisa. Wahandisi wa Pittsburgh walikuwa na haki, ingawa njia yao ya kufanya jambo bila kumwambia mwenye kazi haikuwa njia njema. Kama pande zote mbili zingeketi meza moja na kurudia hesabu, huenda roshani ingejengwa imara tangu siku ya kwanza.

Mwaka 1997 nguzo za chuma zilisimamishwa kijitoni kuishikilia roshani, na wageni wakaendelea kuingia. Mwaka 2002 matengenezo makubwa yakafanyika. Mawe ya sakafu ya sebule yalitiwa namba moja moja, yakang'olewa ili kila jiwe lirudi mahali pake. Kisha nyaya nene za chuma zilipitishwa ubavuni mwa boriti, zikafungwa ncha zote mbili, na kukazwa kwa jeki zenye nguvu hata zikaivuta roshani na kuiinua kidogo. Wahandisi hawakujaribu kuinyosha kabisa, kwa maana kuilazimisha kungeivunja. Walitaka tu isishuke tena. Mawe yakarudishwa, nguzo zikatolewa majini, na leo mgeni hawezi kuona alama yo yote ya kazi hiyo. Mwaka 2019 Fallingwater, pamoja na majengo mengine saba ya Wright, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

NYUMBA ISIYOPANDA KILELENI

Baada ya Fallingwater wageni husafiri kiasi cha kilomita 11 hadi Kentuck Knob, nyumba ya pili ya ziara. Wenyewe walikuwa Bwana na Bibi Hagan, waliokuwa na biashara ya aiskrimu katika mji wa Uniontown. Waliwafahamu akina Kaufmann, wakaipenda nyumba yao, wakamwomba Wright awajengee ya kwao iliyo ndogo zaidi. Msanifu alikuwa na umri wa miaka 86, mwenye kazi nyingi mikononi. Nyumba ilikamilika mwaka 1956, na familia hiyo ikaishi humo kwa miaka 30.

Hagan walikuwa wamenunua kilima chenye kilele kizuri, lakini Wright hakukubali kujenga juu yake. Aliichimbia nyumba begani mwa kilima, ikatazama kusini, mgongo wake ukikingwa na mlima. Aliamini kwamba nyumba iliyokaa kileleni hukiua kilima, na ile iliyokaa begani humwachia mwenye nyumba kilima chake. Askari hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Yeyote aliyefundishwa kupanga kituo porini anajua kwamba anayesimama kileleni huonekana kutoka kila upande na hupigwa na kila upepo. Nyumba ya Kentuck Knob mgeni huifikia karibu kabla hajaitambua, kwa jinsi mawe yake na paa lake la shaba yalivyofanana na kilima.

Ndani yake pembe mraba ni adimu. Mpango wote umefuata umbo la pembe sita, kama sega la nyuki, hata katika ukingo wa paa ambamo yameachwa matundu ya umbo hilo, yanayoangusha vivuli sakafuni jua linapopita. Mafundi walihitaji uvumilivu mwingi, kwani kila ubao ulikatwa kwa mshazari. Vitanda, makabati na viti vya sebuleni vimejengwa pamoja na kuta, kwa maana samani za dukani zisingekaa vizuri katika vyumba vya namna hiyo.

Jambo la kutazamwa na akina mama ni mahali pa jiko. Katika Fallingwater jiko lilifichwa pembeni kwa ajili ya watumishi. Hapa limo katikati kabisa, limezungukwa na kuta za mawe, na mwanga wake hutoka juu kupitia dirisha la paani. Upande mmoja iko sebule na upande wa pili vyumba vya kulala. Mama anayepika hupitiwa na kila atembeaye ndani ya nyumba. Wright alikuwa ametambua kwamba familia nyingi za Marekani hazikuwa tena na watumishi, na kwamba mwenye kupika ni mwenye nyumba, hana haki ya kutengwa na mazungumzo. Familia ya Hagan ilipanda pia maelfu ya miche kwenye kilima chao, na msitu ambao wageni hupita leo ni kazi ya mikono yao. Mwaka 1986 nyumba iliuzwa, na tangu mwaka 1996 watu wote huruhusiwa kuizuru.

NYUMBA ZILIZOSAFIRI KWA MALORI

Alasiri wageni huelekea kaskazini hadi Acme, penye msitu uitwao Polymath Park. Nyumba za Wright zinazoonekana huko hazikujengwa hapo, na habari zake zitawapendeza wote waliozoea uhamisho wa kikazi.

Ya kwanza huitwa nyumba ya Duncan. Katika miaka ya mwisho ya maisha yake Wright alishirikiana na mjenzi Marshall Erdman wa Wisconsin kutengeneza nyumba ambazo vipande vyake hukatwa kiwandani, kisha huunganishwa kwenye kiwanja. Lengo lilikuwa kupunguza gharama ili familia ya kipato cha kati iweze kuishi katika nyumba iliyobuniwa vema. Bwana na Bibi Duncan walijenga yao mwaka 1957 huko Lisle, karibu na Chicago. Ni nyumba ya chini yenye paa pana, sebule iliyo chini ya sakafu nyingine kwa ngazi chache, na kibanda cha gari kisicho na kuta. Kwa kweli mpango huo haukufanikiwa kama ulivyokusudiwa. Gharama za kiwanja, msingi na mafundi ziliifanya nyumba iwe ghali kwa mfanyakazi wa kawaida, na zilijengwa chache tu.

Mwanzoni mwa karne hii kiwanja cha Lisle kilikuwa na thamani kuliko nyumba, na nyumba ikaelekea kubomolewa. Wapenzi wa kazi za Wright waliifungua kipande kwa kipande, na mwaka 2004 ikasafirishwa kwa malori hadi Pennsylvania. Ilikaa ghalani mpaka ilipopata mwenye moyo wa kuisimamisha tena. Ilifunguliwa mwaka 2007, na mgeni anayetaka anaweza hata kukodi na kulala humo. Nyumba nyingine, iliyojengwa mwaka 1952 kwa ajili ya familia ya Lindholm katika jimbo la Minnesota, ilifuata njia hiyo hiyo. Maduka na magari yalikuwa yameizingira, nayo ikafunguliwa mwaka 2016, ikasafirishwa, ikafunguliwa kwa wageni mwaka 2019.

Fallingwater imeshikamana na mwamba wake. Ikiondolewa hapo si kitu tena. Nyumba ya Duncan imehama majimbo kadhaa, na bado ni nyumba. Atakayeziona zote kwa siku moja ataelewa kwamba Wright yule yule, aliyemjengea tajiri roshani juu ya maji, aliendelea mpaka uzeeni kusumbuka na swali la nyumba ya mtu wa kawaida. Alifariki mwaka 1959 akiwa na umri wa miaka 91, na swali hilo hakulimaliza.

LA KUCHUKUA NYUMBANI

Si kila msomaji atafika Pennsylvania, lakini mafunzo ya ziara hii hayahitaji pasipoti.

La kwanza ni la nondo. Mwenye kujenga ghorofa, au hata baraza yenye zege juu, asikubali fundi apunguze chuma kwa kubana fedha, wala asiongeze kwa kukisia. Hesabu ifanywe na mhandisi, na shauri likitofautiana, watu wawili wenye ujuzi waketi pamoja mbele ya mwenye nyumba. Sifa za fundi, hata zikiwa kubwa namna gani, haziongezi nguvu ya boriti.

La pili ni la mbao. Zege changa huonekana gumu kabla halijakomaa. Limwagiliwe maji, liachwe siku zake zitimie, na mbao zisiondolewe kwa sababu zinahitajiwa kwenye kiwanja kingine.

La tatu ni la kutazama. Kaufmann alipokuwa hai roshani zilipimwa; alipofariki, wengine waliziba nyufa na kupaka rangi juu yake. Mwenye nyumba akiona ufa na achore mstari mdogo kwa penseli kukatiza ncha zake, aandike tarehe ukutani, na kutazama tena baada ya mwezi. Ufa uliosimama ni kovu, lakini ufa unaopita mstari wa penseli ni ujumbe, na ujumbe huo upelekwe kwa mhandisi kabla ya kupelekwa kwa mpaka rangi. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Fallingwater imeongeza kwamba kuuziba tu hakutoshi, mpaka ijulikane kinachoupanua.